Nilivyoagwa Kwenda Firenze

Kazi yangu ni kupanga ratiba. Katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, kule Liverpool ya Sydney, si ile ya Uingereza, mimi ndiye ninayeamua nani aingie asubuhi, nani jioni, nani apumzike Jumapili, na kwa hiyo mimi ndiye ninayechukiwa na watu wa zamu zote kwa usawa. Nyumbani kwetu Rooty Hill, mji huo huo, mambo ni yale yale. Friji yetu huioni rangi yake kwa karatasi: ratiba ya kufua, ratiba ya kutoa takataka, ratiba ya nani akae kiti cha mbele kwenye gari. Mume wangu husema siku nikifa nitaacha ratiba ya msiba, watu walie kwa zamu. Yeye anatania, lakini kusema kweli nimeshaifikiria.

Ratiba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Firenze. Huu ni mji wa Italia ambao watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kutazama picha za kuchorwa na sanamu za mawe, na mdogo wangu, tuliozaliwa naye wawili tu, alikuwa ameishi huko miaka kumi na miwili bila kutazama hata moja. Si kwamba alikuwa mbali nazo. Anamtunza bibi mmoja wa Kiitaliano, na kila asubuhi humsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupita mbele ya jumba kubwa la picha, akiwakwepa watalii waliopanga foleni. Nilimuuliza kwa nini haingii.

"Nakusubiri wewe, dada. Nikiingia peke yangu, hayo maajabu nitamwonyesha nani?"

"Si una huyo bibi yako?"

"Huyu anasema alipelekwa akiwa shuleni na zilimchosha."

Basi tukakubaliana niende mimi, tena Desemba, maana kati ya Krismasi na wiki ya kwanza ya Januari watoto wa yule bibi humchukua kwao na mdogo wangu hupata likizo. Ni siku kumi tu katika mwaka mzima. Nje ya hizo siku kumi ningefika Italia kumfuata nyuma ya kiti cha magurudumu, na viti vya magurudumu ninaviona vya kutosha Liverpool.

Lakini picha zilikuwa kisingizio kizuri tu. Nilikuwa na kitu cha kumpelekea.

Mama yetu, pale Korogwe, aliwahi kugombana na jirani yake kuhusu maji ya kufulia yaliyokuwa yakitiririkia uani kwake. Wakanuniana miezi. Mwishowe mama akaenda mjini akachagua kanga yenye maneno makali kuliko zote zilizokuwa dukani, nia yake aikate, aipinde, ajifunge, apite nayo polepole mbele ya mlango wa jirani. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, maana jirani bado yu hai. Kabla hajaikata, wakapatana. Kanga ikaingia sandukuni ikiwa doti nzima, vipande viwili havijatenganishwa, ikakaa humo miaka na miaka. Mama alipougua, mimi nilikuwa Sydney nawapangia wazee wa watu zamu za kuogeshwa, na mdogo wangu alikuwa Firenze anamsukuma bibi wa watu. Aliyemwogesha mama yetu ni jirani yule yule. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na sina utani wa kuliwekea.

Nilikwenda kuzika. Mdogo wangu hakuweza, karatasi zake za kuishi Italia zilikuwa bado zinasubiri muhuri, na kama angetoka asingeruhusiwa kurudi. Akina mama walipogawa nguo za marehemu walifika kwenye ile doti, na jirani mwenyewe ndiye aliyeninyanyulia. Aliitandaza, akaisoma, akaikunja tena bila haraka. "Hii ni yenu wawili," akasema. "Mkaikate mkiwa pamoja."

Tangu siku hiyo ilikuwa kwangu. Watu wenye akili waliniambia kuna posta. Niliwajibu kwamba kitu cha marehemu hakitupwi kwenye gunia la posta pamoja na viatu vya watu walivyoagiza mtandaoni. Kinapelekwa kwa mkono.

Ratiba ya kwanza niliibandika kwenye friji mwezi wa Januari, miezi miwili kabla dunia haijafungwa. Mnakumbuka ilivyokuwa. Australia ilifunga mipaka yake kwa wanaoingia na wanaotoka, hata sisi raia, kama mama aliyefunga mlango na ufunguo akauweka kifuani. Ya pili niliiandika mwaka uliofuata, katikati ya kufungiwa ndani, wakati ambao sisi wa magharibi mwa Sydney tulikatazwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani. Mume wangu alisimama mbele ya friji akaisoma kwa sauti: siku ya tatu, saa tatu asubuhi, kupanda ngazi za kuba la kanisa kuu.

"Hili kuba," akaniuliza, "liko ndani ya kilomita tano?"

Sikumpikia siku hiyo.

Mipaka ilipofunguliwa Novemba niliandika ya tatu, na hii ilikuwa na rangi. Kijani ilikuwa picha na sanamu, njano chakula, bluu makanisa. Nyekundu niliitumia mara moja tu: siku ya pili, jioni, kukata. Mdogo wangu alinitumia ujumbe kwamba tikiti mbili za jumba la picha ameshazinunua, na kwamba amenunua na mkasi mpya.

Sasa tatizo likawa baridi. Desemba ya Firenze ni ya makoti, Desemba ya Sydney ni ya kushinda mbele ya feni. Nilizunguka maduka nikitafuta koti zito, wasichana wa dukani wakinionyesha nguo za kuogelea. Mume wangu akasema niache kuhangaika, baridi ni fani yake. Anafanya kazi Seven Hills kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, ndani digrii ishirini chini ya sifuri, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akijiamini namna ile. Alinifundisha kwamba baridi haiingilii kifuani, inaingilia shingoni na vifundoni. Alinifungulia friza akaniamuru niingize kichwa nihesabu hadi mia. Alileta koti lake la akiba la kazini, lenye mistari inayong'aa, akanivalisha, akanipa na sanduku, akasema nizunguke uani mara tatu nizoee kutembea na uzito. Siku hiyo joto lilikuwa digrii thelathini na sita.

Nikiwa mzunguko wa pili akaingia rafiki yangu, mama mmoja wa Bukavu anayekaa mtaa wa pili, ameniletea sombe, yaani kisamvu cha kwao, kwenye bakuli. Alisimama getini akanitazama napita, nikamsalimia kwa kichwa, nikaendelea.

"Mama katibu," akasema, "ni mazoezi gani tena hii?"

Aliyejibu ni binti yangu wa miaka kumi na minne, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hakitumii kabisa. "She's training for Italy, Aunty."

Mama wa Bukavu akaweka bakuli chini taratibu. "Ulaya iko baridi, na mimi nasikia. Lakini kwanza mutu anafika."

Ananiita mama katibu kwa sababu mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Ni kanisa la watu wa Kiswahili, wengi wao Wakongomani, kisha Warundi, Wakenya kidogo, na sisi Watanzania tunaohesabika kwa vidole. Kanuni za kikundi niliziandika mimi kwa mkono wangu, na kanuni ya saba inasema mwanachama yeyote anayevuka bahari ataagwa. Kuaga kwetu si kupungiana mikono. Ni maombi, wali, nyama, sambusa, kwaya, hotuba ya msafiri, na mwisho msafiri anasimama mbele na watu wote wanapanga mstari kumkumbatia mmoja mmoja. Kwa karibu miaka miwili hatukuwa tumemuaga mtu, maana hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Waliniaga Jumamosi, siku tano kabla ya ndege. Sijapata kukumbatiwa namna ile. Watu walikuwa wamekaa miaka miwili wakigusana viwiko, na sasa wamepata mtu halali wa kumshika. Mama mmoja mzee alinilalia begani mpaka kwaya ikamaliza ubeti wa tatu. Mwingine alikohoa shingoni kwangu, akaniomba radhi, akasema ni vumbi la ukumbi. Nililia, nikatoa hotuba, nikaahidi kuwaombea katika makanisa yote ya rangi ya bluu.

Kisha ikaja mizigo. Kwa mawazo ya kanisa letu Ulaya ni kijiji kimoja, na anayekwenda Italia anakwenda kwa wote. Nilipewa vitenge vya harusi vya kupeleka Lyon, dawa ya kuchua ya mti wa mkalitusi ya kupeleka kwa shemeji wa mtu Ubelgiji, na viatu vya ndani vya ngozi ya kondoo vya mtoto aliyeko Norway. Nilipouliza Norway nitafikaje, nikaambiwa Italia na Norway ni pua na mdomo. Mama wa Bukavu alileta samaki wadogo wakavu, wamefungwa mifuko minne, wa mpwa wake wa Brussels.

"Atakuja kukamata na treni," akasema.

"Anajua?"

"Utamwambia ukishafika."

Nikapima sanduku, likazidi. Nikatoa nguo zangu. Mwisho nilibaki na magauni mawili, na chini kabisa ile doti, na juu yake samaki wa Brussels. Kitu cha mwisho nilichofanya ni kumpa mama wa Bukavu ufunguo wa geti la uani, pamoja na ratiba ya kumwagilia mchicha na matembele yangu: kila siku ya tatu, saa kumi na mbili jioni, matembele kwanza. Mume wangu na binti yangu walikuwa wanabaki nyumbani, ndiyo, lakini kwa mboga zangu siwaamini.

Ili kuingia Italia ilibidi nipime kwanza. Tulipanga foleni ya magari saa tatu nzima, sisi na nusu ya Sydney, tukisogea magari mawili kila baada ya nyimbo nne za redio. Walinichokoa pua nikaondoka. Majibu yalikuja kesho yake kwenye simu, wakati naandika majina kwenye vifurushi. Niliyasoma mara tatu. Nikampa mume wangu naye akayasoma, akanirudishia simu, akakaa. Nilikuwa na korona. Nilikuwa nimeagwa hadi nikashindwa kuondoka.

Tulitakiwa kujifungia ndani sote watatu, mimi siku kumi. Nilihesabu kwenye friji na kidole changu. Siku kumi za karantini zilikalia siku za mdogo wangu kama kifuniko kwenye sufuria, zikabaki mbili tu, na safari yenyewe huchukua siku mbili.

Nilimpigia. Nilikuwa nimejiandaa nimbembeleze, au anibembeleze.

"Sawa, dada," akasema.

Hiyo sawa sikuipenda. Ningependelea alie.

Na hapa ndipo nilipofanya upumbavu ambao naukiri kwa maandishi kwa mara ya kwanza. Niliona aibu. Mtu aliyeagwa hatakiwi kuonekana. Watu wamekupikia, wamekuimbia, wamekulilia, halafu kesho wakukute umesimama dirishani Rooty Hill unakula embe? Na mizigo yao je? Kwa kuwa sikutaka mtu augue kwa aibu yangu, niliandika tangazo kwenye kundi letu la simu, kama katibu: mmoja wa waliohudhuria ibada ya Jumamosi amepatikana na maambukizi, tafadhali kila mtu akapime. Halikuwa uongo. Nilihudhuria.

Kundi likawaka moto. Wote wakaanza kujiuliza ni nani, wakakubaliana bila ushahidi kwamba ni yule kijana wa kwaya anayeimba sauti ya nne. Kisha mmoja akaandika: tumshukuru Mungu mama katibu wetu ameondoka salama kabla hajaambukizwa. Zikafuata amina ishirini na mbili. Ningesema nini?

Siku ya pili tangu ndege iondoke bila mimi wakaanza kuuliza kama nimefika. Nikamwomba mdogo wangu picha. Akatuma bila neno: mto, daraja, kuba ndani ya ukungu. Nikazipeleka kundini na maandishi, baridi ni kali lakini Mungu ni mwema. Wakafurahi, wakataka waone na mimi. Nikampa binti yangu kazi ya kupiga picha, nikavaa koti la ghalani nimeligeuza ndani nje ili mistari isionekane, kofia ya sufu, na skafu, nikasimama mbele ya ukuta mweupe wa gereji. Mume wangu, ambaye tangu aambiwe hataingia zamu za Krismasi alikuwa mtu mwenye furaha ya kuudhi, akawasha feni ili skafu ipepee.

"Mum, this is literally lying," binti yangu alisema nyuma ya simu.

"Piga picha."

"You look boiled."

Nilipeleka. Mama mmoja wa Bujumbura akajibu kwamba Ulaya imenipokea, tayari nimekuwa na mashavu mekundu.

Siku ya tatu homa ikanipanda. Nje watu walikuwa wanajimwagia maji ya mpira, mimi meno yanagongana. Mume wangu aligusa paji langu la uso akasema hii sasa ndiyo baridi yenyewe niliyokuwa nafanyia mazoezi. Nilivaa koti, sikupata joto. Nikafungua sanduku nikatafuta chochote, nikatoa samaki, nikatoa vitenge vya Lyon, hadi chini kabisa. Nikaichukua doti nikajizungushia juu ya koti, nzima nzima, ikanifika mara mbili. Nikaenda kukaa kibaraza cha nyuma chenye milango ya vioo, mahali ambapo jua la jioni linapiga, nikampigia mdogo wangu. Kwao ilikuwa asubuhi.

Alikuwa jikoni. Alisogeza uso karibu na simu.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

Nikakumbuka kwamba hakuwa ameiona. Miaka saba nilikuwa namweleza habari zake na sikuwahi kumwonyesha, nilitaka aione siku ya kukata. Nikanyanyua pindo mbele ya kamera. Akasoma maneno, akayarudia polepole, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka simu yake ikaanguka nikabaki natazama dari la Kiitaliano, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa. "Mama angeua mtu," alisema akifuta macho. "Hii angepita nayo mlangoni kwa mtu, wallahi angeua." Kwa mara ya kwanza tangu nimpe habari mbaya, alikuwa na sauti yake.

Hapo ndipo nilipoona kivuli. Nje ya kioo, hatua tatu kutoka kwangu, mama wa Bukavu alikuwa amesimama na kopo la kumwagilia mkononi. Siku ya tatu, saa kumi na mbili jioni. Alikuwa amefuata ratiba.

Tulitazamana. Mimi na koti, kofia, skafu na kanga, joto la nje linaweza kukaanga yai.

"Mama katibu," akasema kwa upole kupitia kioo. "Uko huku?"

"Niko huku."

"Si uko Italia?"

"Hapana."

Akawaza. "Na ile foto?"

"Ya gereji."

"Na ule upepo?"

"Feni."

Akavuta barakoa yake juu vizuri, akatikisa kichwa mara moja. "Bon," akasema. "Mimi nilikuja kutia mboga maji." Na kweli akageuka, akamwagilia matembele kwanza kama ilivyoandikwa, kisha mchicha, akarudi akajaza kopo, akamaliza na mimea ya vyungu vya pembeni. Mimi nilikaa pale pale kama mtoto aliyeambiwa asubiri viboko. Mdogo wangu alikuwa bado kwenye simu. Mama wa Bukavu alipomaliza akarudi kwenye kioo.

"Ni weye ule mutu mumoja wa tangazo?"

"Ni mimi."

"Na ule kijana wa kwaya anateswa bure."

"Nitamwomba radhi."

"Unaumwa sana?"

"Homa tu. Niliona haya, mama. Mlikuwa mmeshaniaga."

Alinitazama kama ninavyowatazama wazee wanaokataa dawa. "Sikia, mama katibu. Sisi tulikuaga tu. Hatukukufukuza."

Akafunga geti akaondoka. Nilijua kwamba kabla hajafika mtaa wa pili kundi lote litakuwa na habari, na kwa mara ya kwanza tangu majibu yaje nikahisi nimepata nafuu. Halafu nikakasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nadhani ni karatasi ile ya rangi kwenye friji. Nikamwambia mdogo wangu tumechezewa vya kutosha, miaka miwili napanga na kupangua, mwisho ni leo. Nikampigia kelele binti yangu aniletee mkasi.

"Tunaikata sasa hivi," nikasema. "Wewe shuhudia hapo. Nusu yako naitia posta Jumatatu, itafika kabla ya mimi."

Niliishika pale katikati ambapo vipande viwili vinakutana, nikaingiza ncha ya mkasi.

"Usikate," akasema.

"Tutasubiri mpaka lini? Mama aliinunua ikatwe."

"Dada, usikate. Ukikata hutakuja tena."

Nikamwambia aache upuuzi, kwa nini nisije, mimi ni dada yake. Alisema kwamba kwa miaka saba kila nikimpigia namwambia nakuja kwa sababu ya doti. Sijawahi kumwambia nakuja kwa sababu yake. Alisema bila hasira, akiwa anafuta meza ya yule bibi. "Kwa hiyo iache nzima," akasema. "Na mimi sijaingia mle ndani. Tikiti nimewapa watalii wawili waliokuwa mwisho wa foleni. Picha zitanisubiri, na kanga ikusubiri."

Niliweka mkasi chini. Nilitaka kumwambia kwamba ameelewa vibaya, lakini nilikuwa nimeishi na ratiba ile kwa miaka miwili na nilikuwa naijua kwa moyo. Ilikuwa na picha, makanisa, vyakula, na neno moja jekundu. Jina lake halikuwemo.

Siku zilizobaki za karantini tulikula kuliko Krismasi zote za maisha yetu. Akina mama waliacha vyungu mlangoni, wakapiga kengele, wakarudi nyuma hadi barabarani, wakapunga mikono. Hakuna aliyenisema, isipokuwa kijana wa kwaya, ambaye alinitumia wimbo wa toba wa dakika saba, kaimba mwenyewe sauti zote nne. Mizigo hawakuja kuichukua. Walisema mwakani. Samaki wa Brussels ndio tuliowala, kwa ruhusa, siku ya sita.

Nilikwenda Desemba iliyofuata. Kanuni ya saba niliibadilisha mapema: sasa kwetu mtu anaagwa akisharudi. Sikuandika ratiba. Mdogo wangu alinipokea kituo cha treni, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, ndani ya koti kubwa kuliko yeye, na tulisimama pale tumeshikana mpaka watu wakawa wanavuta masanduku yao kutuzunguka. Tuliingia jumba la picha siku iliyofuata. Baada ya saa moja miguu ilituuma, tukakaa kwenye benchi mbele ya picha moja kubwa ya malaika, tukamzungumzia mama mpaka wakaja kutuambia wanafunga. Malaika mwenyewe simkumbuki vizuri.

Niliporudi Sydney mume wangu aliuliza nikiwa bado sijavua viatu.

"Mmeikata?"

"Hapana."

"Iko wapi?"

"Nimemwachia. Ataileta yeye, bibi yake akipata mtu mwingine wa kumtunza kwa miezi miwili."

Alisema miezi miwili ni mingi, atalala wapi. Nikaenda kwenye friji, nikabandua ile karatasi ya rangi iliyokuwa imepauka kwa jua, nikachukua karatasi mpya na kalamu nyekundu. Siku ya kwanza nikaandika jina lake. Siku ya pili sikuandika kitu.